Meno Yaliyofaulu

Kongamano la wapasuaji wa kinywa na taya, lililokutana Belgrade theluji ilipokwisha kuyeyuka, lilitamka rasmi, na tamko hilo likasomwa mbele ya wajumbe waliosimama, kwamba vipandikizi vya meno vilivyopakwa utando wa madini ya mfupa vimethibitika kufaulu kwa asilimia tisini na saba nukta sita. Ili pasiwepo utata, tamko lilieleza pia maana ya kufaulu. Kipandikizi kimefaulu iwapo, siku ya ukaguzi, kingali ndani ya taya, hakitikisiki, hakiumi, na mfupa unaokizunguka haujapungua kupita kiasi kinachovumilika. Mgonjwa mwenye kipandikizi cha namna hiyo ni mgonjwa aliyefaulu. Wajumbe walipiga makofi, kisha wakaenda kula.

Miongoni mwa waliofaulu yumo Paun Kračunović wa kijiji cha Suva Valja, mstaafu wa kiwanda cha kuyeyushia shaba na mpiga tarumbeta wa kwanza katika bendi ya kijiji. Yeye amefaulu mara mbili, kwa kuwa alipandikizwa meno mawili.

Watu wa Suva Valja ni Wavlahi, na Wavlahi huwahangaikia wafu wao kuliko serikali inavyowahangaikia walio hai. Mtu akifa huandaliwa karamu, si moja, na kila kinachotolewa mezani hutajwa kwa jina: mkate huu uwe mbele ya fulani, blanketi hili liwe mbele ya fulani. Na fulani, huko aliko, hupokea mkate na blanketi. Asichopewa hana. Mwaka ukitimia hutolewa jambo kubwa kuliko yote, yaani dansi. Watu hushikana mikono kwa mduara, anayetangulia hubeba mshumaa na picha ya marehemu, bendi hupiga wimbo alioupenda, na dansi hiyo inakuwa mali yake. Hutolewa mara moja tu. Hapo ndipo matanga huanuliwa. Kabla ya hapo, mwaka mzima, mfiwa haimbi, hapigi chombo, wala hafungui redio isipokuwa kwa taarifa ya habari, ambayo hakuna aliyewahi kuiita muziki.

Florika, mkewe Paun, aliyajua haya yote tangu ananyonya, ndiyo maana alipolazwa hospitali ya wilaya na kuona jinsi madaktari walivyoanza kumpokea kwa upole, hakuuliza habari za dawa.

“Wimbo wangu utaupiga wewe,” alimwambia mumewe. “Si Sandulj.”

“Sandulj ana kosa gani?”

“Ana haraka. Akinipigia yeye nitacheza huko nikihema kama mtu aliyekurupushwa na mbwa.”

“Haya.”

“Ule wa langoni.”

“Najua, Florika. Kwani kuna mwingine?”

“Na usinipigie ukiwa umelewa.”

“Una masharti mengi kwa mtu aliyelala,” Paun alisema. Florika akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na muuguzi akaja kumwambia Paun kwamba muda wa kuangalia wagonjwa umekwisha.

Wimbo wa langoni ndio ule aliompigia ujanani, amesimama nje ya lango la baba yake, mpaka mzee akafungulia mbwa. Unaanza kwa sauti moja ndefu ya juu, inayokaa huko juu kana kwamba imesahau njia ya kushuka, kisha inateremka taratibu. Nusu ya wilaya iliujaribu. Sandulj, mpiga tarumbeta wa pili, aliweza kuteremka vizuri sana. Kukaa juu ndiko kulikomshinda.

Florika alifariki mwezi wa pili. Siku ya tatu Paun alipanda makaburini kufukiza ubani. Alipokuwa akishuka aliteleza kwenye barafu, akaangukia chuma cha lango kifudifudi, na meno mawili ya mbele ya juu yakabaki pale pale alipobaki mkewe. Stamena, dada yake Florika, aliyekuwa nyuma na chetezo, aliyaokota akayafunga kwenye leso, maana kwao kitu cha mwili hakiachwi njiani.

“Sasa, shemeji,” alisema, “utampigia kwa meno gani?”

“Nina mwaka,” alijibu Paun, damu ikimchuruzika kidevuni.

Binti yao Draginja anaishi Vienna, anakosafisha ofisi ya daktari wa meno na kusikiliza vizuri kinachosemwa humo. Yeye ndiye aliyeleta habari za utafiti.

“Baba, ni Belgrade. Wanaweka vipandikizi bora kabisa, bure, kisha wanakufuatilia miaka.”

“Wananifuatilia niendako?”

“Wanafuatilia meno, baba.”

“Meno yanakwenda nilipo mimi.”

“Basi watakuwa wanajua ulipo. Nenda.”

Paun alikaa chini akapiga hesabu, na hesabu ilikuwa safi. Bila meno hawezi kupiga tarumbeta. Kwa matanga haruhusiwi kupiga tarumbeta. Yaani mwaka ule ule aliokatazwa ndio ambao angekuwa hawezi hata hivyo. Msiba mmoja ulikuwa umeukalia mwingine sawasawa, kama kifuniko na sufuria yake. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi aliona kuna jambo duniani lililopangwa vizuri.

Watafiti walimpenda. Hakuwa na kisukari, hakuvuta sigara, mfupa wake wa taya ulikuwa mnene. Daktari Anđelija Ristanović, mwanamke mpole wa sauti ya chini, alimwonyesha kipandikizi ndani ya kichupa: skrubu ndogo ya kijivu, imefifia kama chaki.

“Uzuri wake ni huu utando,” alisema. “Ni madini yale yale yaliyomo mfupani mwako. Mfupa ukikutana nao hauoni chuma. Unaona ndugu yake, unamkumbatia.”

“Na ukija kujua umedanganywa?”

“Haujui kamwe. Ndiyo maana tunafaulu.”

“Mimi ni mpiga tarumbeta,” alisema Paun, kwa kuwa si mtu wa kuficha mambo.

Daktari alifikiri kidogo. Alikuwa ameulizwa juu ya tufaha, nyama ya kuoka, busu na nazi, si tarumbeta. “Kwa nusu mwaka usikandamize kitu chochote pale,” alisema. “Baada ya hapo fanya lolote upendalo.”

Nusu mwaka. Paun alikuwa na mwaka mzima. Aliona hata aibu kwa bahati hiyo.

Fundi wa kuchonga meno naye aliomba picha ya zamani, aone meno ya asili yalivyokaa. Draginja alipekua makabati yote ya nyumba. Picha za baba yake zilikuwepo tele, za harusi, za ubatizo, za sherehe za kiwanda, na katika kila moja alikuwa na tarumbeta mdomoni. Katika miaka yote ya uhai wake hakuna aliyewahi kumpiga picha akiwa na kinywa kitupu. Fundi akachonga meno mawili mazuri yaliyonyooka, kama ya mtangazaji wa televisheni. Ya zamani yalikuwa yamepandana kidogo. Stamena alilijua hilo, lakini ya zamani yalikuwa ndani ya leso sandukuni kwake, na hakuna aliyemuuliza.

Ukaguzi ulikwenda vizuri. Kilikuwapo kimashine kidogo kilichosogezwa karibu na kipandikizi, kikalia, kikatoa namba, na namba za Paun zilikuwa za kuitia wanafunzi waje waone.

“Unatafuna?”

“Natafuna.”

“Tufaha?”

“Na mbegu zake.”

“Una malalamiko yoyote?”

“Sina.”

Alisema kweli. Hakuwa amejaribu kufanya lolote ila kula.

Majira ya plamu yalipofika, wanabendi wawili walikuja uani kwake kusaidia kupika pombe. Mmoja alikuwa Sandulj. Wa pili alikuwa mzee Jorga, mpiga ngoma kubwa, ambaye kinywani hakuwa na jino hata moja na alikuwa akiipiga ngoma ile tangu Paun hajaota ndevu. Walikaa kuzunguka chungu cha shaba, wakingoja tone la kwanza.

“Paun,” alisema Sandulj, “jaribu japo noti moja. Ujue umesimama wapi.”

“Mwaka haujaisha.”

“Nenda msituni, bwana. Nani atakusikia?”

“Kwani msituni ni nje ya matanga?”

“Ni mbali na Stamena.”

“Simwogopi Stamena. Florika hana ukuta, Sandulj. Huko aliko anasikia kuliko wewe ulivyokaa hapo.”

Sandulj alimtazama Jorga amsaidie. Jorga akacheka kwa fizi zake zinazong'aa. “Mwache. Ana meno ya wasomi yule. Mimi yangu yalitoka yenyewe, moja moja, bila utafiti. Hivi wangenihesabu wapi mimi?”

“Kwenye ngoma,” alisema Paun. “Huko hakuna anayemchungulia mtu kinywani.”

“Mimi nasema tu,” alisema Sandulj, “jambo lenyewe linatolewa mara moja.”

“Ndiyo maana sitaki kulichafua kabla.”

Ndivyo Paun alivyofuata masharti yote, ya daktari na ya wafu, pasipo kuvunja hata moja, na tarumbeta ikalala ndani ya sanduku lake mpaka mwezi wa pili.

Siku ya mwaka ilikuwa kavu na ya baridi kali. Theluji ilifagiliwa uani, meza zikapangwa kwa urefu. Stamena alizunguka akitaja vitu kwa sauti ile ile moja: jibini hili liwe mbele ya Florika, kitana hiki kiwe mbele ya Florika, viatu hivi vya ndani viwe mbele ya Florika, maana alikuwa na miguu ya baridi. Draginja alikuwa amefika na basi la usiku kutoka Vienna. Kisha Stamena akauwasha mshumaa, akaichukua picha, akaushika mkono wa Draginja, na mduara ukaunganika nyuma yao. Bendi ilisimama kando ya lango. Paun akafungua sanduku.

Yapo mambo ambayo mtu hajui kwamba anayajua. Maisha yake yote Paun alikibandika kile kikombe kidogo cha tarumbeta midomoni, nyuma ya midomo kukawa na meno, na sauti kabla ya kutokea mbele ilipita kwanza kwenye meno na kupanda mfupani hadi nyuma ya macho. Aliijua noti kabla haijazaliwa. Alijua akandamize kiasi gani, alegeze wapi, kama mtu anavyojua ngazi za nyumba yake gizani. Hakuwahi kulifikiria jambo hilo, kwa sababu halikuwa jambo la kufikiriwa.

Siku ile alikibandika kikombe, na nyuma ya midomo hapakuwa na mtu. Meno yalikuwepo, imara kuliko yaliyotangulia. Yalisimama kama wageni wawili msibani wasiomjua marehemu. Alikandamiza, asijue amekandamiza kiasi gani. Akavuta pumzi, akapuliza ile sauti ndefu ya juu.

Ulitoka upepo, kisha mlio uliopasuka katikati. Baadhi ya watu waligeuka kutazama lango, wakidhani ni bawaba.

Mguu wa Stamena ulikuwa umeshatoka, na dansi ya marehemu ikishaanza haisimamishwi. Mduara ukasogea. Paun akajaribu tena, sauti ikaanguka. Akajaribu chini kidogo, ikatoka, ikapotea.

“Niachie mimi,” Sandulj alimnong'oneza, bila hata kulionea fahari jambo hilo. “Nitakwenda polepole. Naapa.”

Paun alitikisa kichwa. Mzee Jorga akapunguza mwendo wa ngoma kumngoja, kisha akapunguza tena, kitu ambacho katika miaka yote hakuwahi kumfanyia mtu, hata bwana harusi aliyezimia. Mduara ukawa unatambaa. Paun alikandamiza mpaka mdomo ukachanika kwa ndani, akaonja damu, na hata damu ilikuja bila kumwambia lolote. Alifika mwisho wa wimbo bila kufika juu hata mara moja.

Draginja alikuwa akilia. Wageni wengi walikuwa wakilia. “Amepiga kwa majonzi,” jirani mmoja alimwambia mwenzake, akipangusa pua. “Sijawahi kumsikia akipiga kwa majonzi namna ile.”

Stamena aliibana picha ya dada yake kifuani kwa kiganja, akasema, kwa sauti ile ile ya jibini na kitana: “Dansi hii na wimbo huu viwe mbele ya Florika.”

Wageni walipoondoka Paun alimkuta jikoni akikusanya sahani.

“Shemeji,” alisema, “turudie.”

“Turudie nini?”

“Dansi. Kiangazi. Nitakuwa nimezoea.”

“Ameshapokea, Paun.”

“Amepokea nini?”

Stamena aliipanga sahani moja juu ya nyingine. Hakuwa mkatili, angeulizwa juu ya supu iliyokosa chumvi angejibu vilevile. “Ulichopiga,” alisema.

Wiki iliyofuata Paun alipanda basi kwenda Belgrade, ingawa haikuwa zamu yake ya ukaguzi. Daktari Ristanović alimpokea kwa furaha. Alisogeza kimashine, kikalia. Akachukua mpini wa chuma akayagonga meno yote mawili, ti, ti.

“Unasikia mlio huo? Umetulia kabisa. Ningegonga mwamba ningepata mlio kama huu.”

“Nausikia kwa masikio, daktari. Kwenye jino sisikii kitu.”

Daktari aliweka mpini chini. Alimweleza bila haraka, na kwa heshima, kwamba jino la kuzaliwa halijashikana na taya. Limening'inizwa kwa nyuzi nyingi laini mno, na nyuzi hizo ndizo zinazohisi, hata unywele mmoja. Kipandikizi hakina nyuzi. Kimeungana na mfupa moja kwa moja. Ndiyo nguvu yake.

“Kwa hiyo hakuna kilichoharibika,” alisema Paun.

“Hakuna kabisa.”

“Ningefurahi kingekuwepo.”

Daktari alikunja mikono mapajani. “Wapo wanaozoea,” alisema. “Midomo hujifunza, na meno ya jirani husaidia.”

“Baada ya muda gani?”

“Hilo hatukulipima.”

Alimsaga meno yale kidogo, akijaribu kuyapandanisha kama Paun alivyoyaeleza kwa vidole viwili. Paun alikuwa amekuja na kikombe cha tarumbeta mfukoni. Akakibandika pale pale kitini, akasikiliza. Akakirudisha mfukoni.

“Yang'oe,” alisema.

“Bwana Kračunović.”

“Nitapuliza na pengo. Wapo waliofanya hivyo.”

“Sikatai kwa ubishi,” alisema daktari. “Kipandikizi cha kawaida, kikikaa vibaya, tungeweza kukifungua kama skrubu. Hivi vyako vimekaa vizuri mno. Mfupa umeushika ule utando kila mahali. Kuvitoa itabidi nikate na mfupa wenyewe pande zote, na ukipona hutakuwa na mahali pa kuegemeza mdomo, kwa meno wala bila meno. Samahani. Ni matokeo mazuri sana.”

Paun alimshukuru, kwa kuwa mwanamke yule hakuwa amemkosea. Kwenye basi la kurudi alijaribu kutafuta aliyemkosea. Barafu ilikuwa barafu. Draginja alimtakia mema. Matanga yalikuwa matanga, na Sandulj alikuwa amemwonya. Alipofika Suva Valja hakuwa amempata mtu.

Alijaribu kiangazi chote. Sasa aliruhusiwa, na kijiji kilimsikia kila jioni akiitafuta ile sauti ya juu, akiigusa mara moja moja kwa bahati kisha kuipoteza. Wimbo wa chini aliuweza, na wa haraka nusunusu. Sandulj alikataa kwa miezi miwili kusimama nafasi ya kwanza, mpaka watu wa harusi moja walipomwomba mbele ya Paun, na Paun akamsukuma kwa kiwiko.

“Sasa usikimbie,” alimwambia.

“Sikimbii.”

“Unakimbia. Hata ukisimama unakimbia.”

Majira ya plamu yaliporudi nyonga ya mzee Jorga ilikataa kubeba ngoma. Jorga mwenyewe ndiye aliyemvisha Paun mkanda begani, akamlegezea tundu mbili.

“Ni kazi ya raha,” alisema. “Hakuna anayekuchungulia.”

Katika kongamano jina lake halikutajwa, kama ilivyo haki ya wagonjwa. Lakini picha ya taya lake ilionyeshwa ukutani, kubwa kuliko mlango, vipandikizi viwili vikiwa vyeupe na vimenyooka, na mfupa umevikumbatia bila mwanya, na msemaji akaiita picha nzuri kuliko zote za utafiti. Paun anahudhuria ukaguzi kila mwaka, na kila mwaka hana malalamiko. Anatafuna mahindi, tufaha, na gamba la mkate wa juzi. Harusini husimama nyuma ya bendi, kwenye ngoma ambayo kabla yake ilipigwa kwa miaka arobaini na mtu asiye na jino hata moja.